Draiva inayouliza mapema mno: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hitilafu za muda kwenye chipu za flashi

Ukurasa huu ni wa mafundi na wanafunzi wa Kigoma, na jirani zetu wa Tabora, wanaotunza vinasa data: vile visanduku vya sola vinavyopima kina cha ziwa, mvua au joto, pamoja na ruta ndogo zinazoendesha Linux. Hitilafu ya muda ni pale draiva, yaani programu inayoiongoza chipu, inapoiuliza au kuisoma chipu kabla haijamaliza kazi. Mfano wetu mkuu ni chipu ya NAND (aina ya flashi inayosomwa kwa kurasa na kufutwa kwa bloku) ya gigabiti 1, yaani MiB 128, yenye ukurasa wa baiti 2,048 na ziada ya baiti 64, kurasa 64 kwa kila bloku, bloku 1,024. Mwenye chipu ya SPI au kadi ya SD ana maswali yake huko chini, ila asiruke lile la kinachotokea ndani ya chipu.

Nitajuaje kuwa tatizo ni la muda, si chipu iliyochoka?

Angalia kosa linatua wapi. Chipu iliyochoka ina mahali pake pabovu: bloku ileile leo, kesho, hata ukizima na kuwasha. Hitilafu ya muda huhamahama. Leo inaonekana kwenye bloku ya 212, kesho ya 900, na ukiisoma tena ile ya 212 inatoka safi.

Dalili nyingine: ukurasa unarudisha yaliyomo ya ukurasa uliosomwa kabla yake, faili ina 0xFF tupu (thamani ya seli ambazo hazijaandikwa) mahali palipoandikwa dakika moja iliyopita, keneli (kiini cha Linux) inalalamika kwamba muda wa kungoja chipu umekwisha ilhali chipu ni nzima. Mara nyingi mambo haya huanza baada ya badiliko ambalo halikuigusa draiva hata kidogo. Umepandisha kasi ya prosesa, umekompaili msimbo kwa -O2 (uende kasi) badala ya -O0, au umeletewa kundi jipya la chipu kutoka Kariakoo lenye namba ileile mgongoni.

Kama ukurasa mmoja unashindwa kusahihishika mara tatu mfululizo, kwa kuusoma polepole, hiyo si habari ya muda. Itie bloku hiyo alama ya ubovu, uendelee na kazi.

Mbona nikiongeza mstari wa kuchapisha logi tatizo linatoweka?

Kwa sababu umeiongezea draiva subira bila kukusudia. Kwenye konsoli ya serial ya kasi ya 115,200, herufi moja ni biti 10, na inachukua takriban mikrosekunde 87. Ujumbe wa herufi 40 unakula milisekunde 3.5 hivi. Chipu ilikuwa inadai nanosekunde 100 tu, wewe umeipa mara 35,000 ya hizo.

Wengi hapa huacha mstari ule wa logi ubaki na kuondoka wakidhani wamepona. Usifanye hivyo, siku mtu akizima konsoli ili kuokoa betri, tatizo linarudi. Ukitaka kufuatilia bila kuvuruga mwendo, weka alama za muda kwenye safu ndogo ndani ya kumbukumbu na uichapishe baadaye, au tumia trace_printk ya keneli, ambayo haipiti konsoli.

Ni nini hasa kinatokea ndani ya chipu?

Tufuate tendo moja la kuandika ukurasa. Draiva inatuma amri 80h (h ni alama ya namba za heksadesimali), inafuatisha baiti za anwani, inamimina data, kisha inatuma 10h ya kuthibitisha. Pini ya WE# (ya kuruhusu kuandika) inapopanda baada ya 10h, chipu inaanza kazi, na pini ya R/B# inapaswa kushuka kuonyesha "nina shughuli". Haishuki papo hapo. Datashiti, yaani karatasi ya sifa ya mtengenezaji, inaipa muda uitwao tWB, na kwa chipu nyingi za NAND kikomo chake ni nanosekunde 100. Ndani ya dirisha hilo pini bado iko juu, na juu maana yake ni "niko tayari".

Draiva yenye kasi inaisoma pini katika dirisha hilohilo. Inaona iko juu, inaamini kazi imekwisha kabla haijaanza. Ni kama kupiga hodi na kuondoka kabla mwenye nyumba hajainuka kitini. Kisha inasoma rejista ya hali kwa haraka, inakuta biti ya 0 haina kosa, na kuripoti kuwa imefaulu. Inaendelea na ukurasa unaofuata kwa 80h nyingine, lakini sasa chipu imo kazini, na ikiwa kazini haipokei amri za kawaida. Inapokea amri za kusoma hali na ya kuiweka upya tu. Ukurasa wa pili haukuandikwa kabisa. Ndiyo zile 0xFF.

Upande wa kusoma ni hatari zaidi kwa sababu hauna kelele. Baada ya 00h, anwani na 30h, chipu inahitaji takriban mikrosekunde 25 kuhamisha ukurasa kutoka kwenye seli hadi kwenye rejista yake ya ndani. Draiva ikianza kuvuta baiti mapema, mara nyingi inachokipata ni mabaki ya ukurasa uliopita, data pamoja na zile baiti 64 za ziada. Na kwa kuwa biti za ECC (za kugundua na kusahihisha makosa) zimo ndani ya ziada hiyo na zinalingana na data hiyo, hesabu inatoka sawa. ECC haina la kusema. Unapewa ukurasa usio wako, wenye muhuri halali.

Ni namba zipi nitafute kwenye datashiti?

Fungua jedwali la sifa za AC, yaani za muda. Ya kwanza ni tWB ambayo tumeishaieleza. Hiyo ni kikomo cha juu, maana yake chipu haitachelewa zaidi ya hapo. Ya pili ni tWHR, muda wa chini kati ya kutuma amri na kuanza kusoma jibu lake: nanosekunde 60 hadi 120 kutegemea modi ya kasi. Hii ndiyo inayoharibu usomaji wa hali kwa 70h, amri ya kuuliza hali. Ya tatu ni tADL, kati ya anwani ya mwisho na baiti ya kwanza ya data. Chipu za zamani zinaridhika na 70 hadi 200, mpya zinaweza kudai hadi 400. Kuna tRR pia, muda kati ya R/B# kupanda na RE# (pini ya kuruhusu kusoma) kushuka, nanosekunde 20 kwa kawaida na 40 katika modi 0.

Halafu zile ndefu: kuandika ukurasa kwa kawaida ni mikrosekunde 200 hadi 300 na kikomo kama 700, kufuta bloku ni milisekunde 2 hivi, kikomo 10.

Usichanganye safu ya "kawaida" na safu ya "juu kabisa". Subira hupimwa kwa ile ya juu kabisa. Kosa hili peke yake limeletea watu matatizo mengi kuliko hitilafu zote za ajabu zikiwekwa pamoja.

Rekebisho liwekwe wapi?

Kati ya WE# ya mwisho na usomaji wa kwanza wa R/B#. Liwe ndani ya kitendakazi kinachotuma amri, si kwa kila anayekiita, la sivyo siku moja mtu ataongeza njia mpya na kusahau.

Kwenye draiva za mtindo wa zamani za Linux, kitendakazi cha pamoja nand_wait kinaanza na ndelay(100), yaani subira ya nanosekunde 100, kwa sababu hii hii. Tatizo hutokea pale mtengeneza bodi alipoandika kitendakazi chake cha kungoja na kuuruka huo. Kwenye mtindo mpya wa exec_op, kila hatua ya amri inabeba thamani ya delay_ns, na draiva ndiyo inayopaswa kuitekeleza. Kagua kama ya kwako inaitekeleza. Draiva nyingi zilizoandikwa kwa haraka hupokea thamani hiyo na kuitupa.

Kuna mtego mwingine. Kuandika kwenye rejista ya kidhibiti kwa writel hakumaanishi kwamba maandishi yamefika. Yanaweza kuwa bado njiani wakati prosesa imekwisha kuanza kuhesabu nanosekunde 100, na subira yako ikaisha kabla WE# haijapanda. Dawa ni kuisoma rejista moja ya kidhibiti hichohicho mara baada ya kuandika. Usomaji unalazimisha maandishi yafike kwanza. Kwa hiyo mpangilio ni huu: andika 10h, soma rejista ya kidhibiti, ndelay(100), ngoja R/B#, kisha tuma 70h, subiri tWHR, soma hali. Biti ya 6 ikiwa 1 chipu iko tayari. Biti ya 0 ikiwa 1 kazi imeshindwa. Chipu nzima isiyozuiwa kuandikwa hujibu 0xE0.

Kama unangoja kwa kuuliza 70h badala ya kutazama pini, na tendo lilikuwa la kusoma, tuma 00h tena kabla ya kuvuta data. Usipofanya hivyo chipu itaendelea kukupa baiti ya hali, na ukurasa wako utajaa 0xE0 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukiuona ukurasa wa namna hiyo, umejua mara moja.

Kwa nini tusiweke milisekunde 1 tukalala usingizi?

Piga hesabu. Chipu hii ina kurasa 65,536. Nanosekunde 100 kwa kila ukurasa ni milisekunde 6.6 kwa chipu nzima. Milisekunde 1 ni sekunde 65. Na ukitumia msleep(1) kwenye keneli ya HZ 100 (ambayo saa yake hupiga mara 100 kwa sekunde), usingizi halisi unaweza kufika milisekunde 20, yaani dakika karibu 22 kusoma chipu moja. Muda huo wote prosesa iko macho na betri ya sola inalipa.

Sababu ya pili ni kwamba subira kubwa iliyowekwa mahali pasipo pake huficha tatizo bila kuliondoa. Ukiiweka kabla ya 10h badala ya baada yake, bado unaweza kuona nafuu kwa bahati tu, kwa kuwa umebadili mwendo wa kila kitu.

Draiva yangu inatumia intarapti (ishara inayomwita prosesa kazi ikiisha), haiulizi pini. Bado inanihusu?

Inakuhusu kwa namna nyingine. Bendera ya intarapti iliyobaki kutoka tendo lililopita inaweza kukuambia "tayari" kabla ya wakati. Safisha bendera, washa intarapti, ndipo utume amri. Kwa mpangilio huo, si kinyume. Ukiwasha baada ya kutuma, tendo fupi linaweza kumalizika kabla hujaanza kusikiliza, ukangoja mpaka muda uishe.

Ujumbe wa muda kuisha unatoka ingawa chipu imemaliza. Vipi?

Hapo kosa limegeuka: draiva haina haraka mno, ila haina subira ya kutosha. Saa ya ndani ya keneli inahesabu kwa jifi, yaani pigo moja la saa hiyo. Kwenye HZ 100 jifi moja ni milisekunde 10, sawa kabisa na kikomo cha kufuta bloku. Ukianza kungoja mwishoni mwa jifi, "milisekunde 10" zako zinaweza kuwa chini ya 1. Ongeza jifi moja zaidi kila mara.

Pia, prosesa inaweza kunyang'anywa kazi yako katikati ya kungoja na kuirudia muda ukiwa umepita. Kwa hiyo baada ya muda kuisha, iulize chipu mara moja ya mwisho kabla ya kutangaza kosa. Mstari mmoja tu. Kikomo chenyewe usikibane. Keneli hutumia milisekunde 400 kwa njia ya zamani, na hakuna hasara, kwa sababu chipu nzima haitawahi kukifikia.

Nitapimaje bila maabara?

Ile analaiza ya mantiki ya bei nafuu, ya chaneli 8 na sampuli milioni 24 kwa sekunde, inachukua sampuli moja kila nanosekunde 42. Dirisha la nanosekunde 100 linapata sampuli mbili, au tatu ukibahatika. Inatosha kuonyesha mpangilio wa amri, haitoshi kuthibitisha namba. Ukipata osiloskopu ya MHz 100, hata ya kuazima chuoni, kazi inakuwa ya nusu saa.

Kwa chipu ya TSOP yenye miguu 48, R/B# ni mguu wa 7, RE# wa 8, CE# wa 9, CLE wa 16, ALE wa 17, WE# wa 18. Umeme uko 12 na 37, ardhi 13 na 36. Chomelea kwa risasi waya mwembamba wa enameli kwenye 7 na 18, na waya wa ardhi wa probu uwe mfupi, usizidi sentimita 3. Ule mrefu wenye klipu ya mamba unazaa mawimbi ya uongo ambayo utayakimbiza siku nzima. Weka triga kwenye kupanda kwa WE#, na upime umbali hadi R/B# inaposhuka. Kisha ifanye draiva igeuze pini moja ya GPIO (pini ya matumizi ya jumla ya prosesa) mara tu kabla ya kusoma R/B#, uitazame kwenye chaneli nyingine. Pini ya GPIO ikigeuka kabla R/B# haijashuka, umemkamata mwizi na mali mkononi.

Huna osiloskopu kabisa? Tumia subira yenyewe kama kipimo. Weka ndelay ya 0, endesha jaribio, hesabu makosa. Kisha 20, 40, 60, 80, 100, 150. Hitilafu ya muda ina ngazi: makosa yanapungua ghafla kuanzia thamani fulani na kufika sifuri. Kama idadi haibadiliki kwa thamani yoyote, tafuta kwingine. Ukiipata ngazi, mathalani kwenye 40, usiweke 40. Weka kikomo cha datashiti. Chipu ya mezani kwako siyo chipu zote.

Rezista ya R/B# ina umuhimu gani?

Pini hii inaweza kuvuta chini tu. Kupanda inategemea rezista ya kuvuta juu. Bila rezista pini inaelea na kusoma lolote. Kwa kilo-ohm 10 na pikofaradi 50 za njia, kupanda kutoka asilimia 10 hadi 90 kunachukua mikrosekunde 1.1. Ukitegemea rezista ya ndani ya prosesa ya kilo-ohm 40, ni mikrosekunde 4.4. Hilo halileti kosa la data, linachelewesha tu kila ukurasa. Kilo-ohm 4.7 inafaa bodi nyingi.

Joto la huku linachangia?

Ndiyo, na ndiyo maana hitilafu nyingi hujitokeza mchana wa Septemba na Oktoba, Tabora hasa, kabla mvua hazijaanza. Transista za chipu hupungua kasi zikipata joto na volti zikishuka, hivyo R/B# inachelewa zaidi kushuka. Draiva iliyokuwa inaponea chupuchupu asubuhi inaanguka saa nane mchana. Kisanduku cha bati kilicho juani ndani yake hupita nyuzi 60 bila shida, na chipu ya daraja la kawaida imeahidiwa hadi 70 tu. Nunua ya daraja la viwandani, ya −40 hadi 85. Kipake kisanduku rangi nyeupe na ukiweke upande wa kivuli wa nguzo.

Kujaribu mezani: kikausha nywele, kipimajoto kilichobandikwa juu ya chipu kwa mkanda, panda taratibu hadi 65, endesha jaribio ukiwa hapo. Shusha pia volti hadi 2.8 kama chanzo chako kinaruhusu. Joto juu na volti chini kwa pamoja ndiyo hali mbaya kuliko zote. Subira iliyotoka kwenye safu ya juu kabisa ya datashiti inapita jaribio hili; iliyobuniwa haipiti.

Umeme ukikatika katikati ya kuandika, ni hitilafu hii?

Hapana, ila mabaki yake yanafanana nayo, na huku umeme na betri vyote vina tabia zake. Hapo dawa ni ya vifaa. Chipu nyingi za volti 3.3 zinadai zisishuke chini ya 2.7. Bodi inayokula miliampia 150, ikitakiwa kuishi milisekunde 10 kumalizia kufuta bloku, inahitaji kapasita ya mikrofaradi 2,500 ikiwa umeiweka upande wa 3.3, kwa sababu una volti 0.6 tu za kuchezea. Iweke kabla ya regyuleta, upande wa volti 12, ambako unaweza kushuka hadi 6: mikrofaradi 250 zinatosha, weka 470 ya volti 25 ulale. Ongeza chipu ya kulinda volti inayoivuta WP# (pini ya kuzuia kuandika) chini umeme unapolegea, ili amri mpya zisikubaliwe.

Natumia ESP32 au STM32 na chipu ya SPI ya W25Q128. Mambo ni yaleyale?

Wazo ni lile, sura tofauti. Hakuna pini ya R/B#; unauliza kwa amri 05h na kutazama biti ya 0. Kabla ya kila kuandika au kufuta lazima 06h itangulie, na CS# (pini ya kuichagua chipu) ipande kati ya amri moja na nyingine. Baada ya amri ya kuandika au kufuta, CS# ikae juu angalau nanosekunde 50 kabla ya 05h. Mikrokontrola yenye DMA (inayohamisha data bila prosesa) inaweza kuishusha mapema kuliko hapo.

Kosa la kawaida zaidi ni kikomo kifupi cha kungoja. Kufuta sekta ya KiB 4 kunaweza kufika milisekunde 400, bloku ya KiB 64 sekunde 2, chipu nzima sekunde 200. Maktaba nyingi zimewekewa 100 kwa sababu aliyeziandika alijaribu chipu mpya mezani kwake.

Halafu kuna kasi ya saa. Kwa MHz 80 mzunguko mmoja ni nanosekunde 12.5, nusu yake 6.25, na chipu yenyewe inahitaji 6 hadi 7 kutoa biti baada ya saa kushuka. Tayari umechelewa. Waya wa sentimita 20 unaongeza kama nanosekunde 2 kwenda na kurudi. Ama chelewesha usomaji kwa mpangilio wa kidhibiti, ama teremka hadi MHz 40. Kwa kinasa data kinachoandika mara moja kila dakika 10, 40 ni nyingi mno tayari.

Na kadi za SD?

Anza na saa ya kHz 100 hadi 400, toa mapigo yasiyopungua 74 kabla ya amri ya kwanza, ipe kadi hadi sekunde 1 kujiandaa, na kwa kila uandishi ngoja hadi milisekunde 250, au 500 kwa kadi za SDXC. Kadi bandia zinavuka vikomo hivi, na hakuna draiva itakayoziponya.

Naweza kutumia chipu niliyoing'oa kwenye ruta kuukuu?

Unaweza, kama ni NAND ya miguu 48, na fundi simu yeyote wa Mwanga mwenye mashine ya hewa moto ataing'oa bila kuiunguza. Kwanza isome nzima kabla ya kuifuta. Alama za bloku mbovu za kiwandani zimo kwenye ziada ya ukurasa wa kwanza au wa pili wa bloku, baiti isiyo FF, na ukifuta bila kuzinakili zimepotea milele. Kisha soma utambulisho kwa 90h kwenye anwani 20h. Zikirudi herufi O, N, F, I, chipu inajieleza yenyewe kwa amri ECh, na modi za kasi inazoziweza zimo humo. Anza na modi 0, ya mzunguko wa nanosekunde 100. Namba iliyochapwa mgongoni isiaminiwe. Kuna chipu zilizokwanguliwa na kuandikwa upya.

Nitajuaje kwamba nimeponya kweli?

Endesha nandtest -k -p 20 kwenye sehemu ya majaribio. Chaguo la -k linarudisha yaliyokuwemo, lakini nakili kwanza hata hivyo. Fuatisha moduli ya mtd_stresstest, inayosoma, kuandika na kufuta kwa nasibu. Hii haibakishi kitu, basi usiielekeze kwenye mfumo wako.

Muda gani? Kanuni ni kuzidisha kwa tatu. Kama kosa lilikuwa linatokea takriban mara moja katika uandishi 500, uandishi 1,500 bila kosa unakupa uhakika wa asilimia 95. Kama lilikuwa mara moja kwa siku, siku tatu, na ziwe na mchana wa joto.

Kifaa kiko Kalya na hakuna barabara ya maana. Nitasasishaje?

Usiruhusu draiva mbovu iandike mrithi wake yenyewe. Weka keneli mpya kwenye kadi ya SD, itume kwa boti, mtu aliyeko huko aichomeke na kuwasha kifaa. Kifaa kikiwaka kutoka kwenye kadi, draiva nzima ndiyo inayoiandika NAND. Gawa sehemu mbili za keneli, andika ile isiyotumika, isome kwa nanddump, linganisha na sha256sum, ndipo ubadili ya kuwakia. Ile ya zamani iache ilivyo.

Data za miezi iliyopita zimeharibika. Zinarudi?

Inategemea kosa lilikuwa upande gani. Kama draiva ilikuwa inasoma mapema tu, seli ziko salama. Zilizoharibika ni nakala ulizovuta. Soma upya kwa draiva iliyorekebishwa na utazipata zote. Kama ilikuwa inaandika mapema, kurasa zilizorukwa hazikuwahi kuwemo na hakuna programu ya kuzirudisha. Kwa vyovyote vile, kabla ya kufuta au kufomati chochote, vuta picha ya chipu nzima pamoja na ziada yake kwa nanddump yenye chaguo la --oob, mara mbili, na ulinganishe. Picha mbili zikitofautiana, draiva bado haijapona.